Sufuria Yetu Imetoka Wapi?

Maelezo juu ya alumini: namna inavyotengenezwa, na namna inavyoyeyushwa tena



Siku moja, nyuma ya jikoni la seminari, niliona sufuria kubwa ya alumini imetupwa katika shimo la takataka. Ilikuwa imetoboka chini, na shikio moja lilikuwa limekatika. Nikamuuliza fratri aliyekuwa na zamu ya usafi: «Mbona mumeitupa?» Akanijibu: «Padri, imekufa. Haina kazi tena.»

Sufuria ile ilikuwa imetoboka, ni kweli. Lakini je, ilikuwa imekufa? Tangu siku ile nimetaka kuandika maneno machache juu ya alumini, kwa sababu tunaitumia kila siku bila kujua habari zake. Katika maelezo haya tutatazama mambo manne: kwanza, alumini ni kitu gani, pili, inaleta hasara gani kwa ardhi, maji na watu wakati inapotengenezwa, tatu, tunapata faida gani tukiiyeyusha tena, na kuna hatari gani, mwisho, sisi wenyewe tuifanyie nini.

1. Madini mengi, lakini yamefungwa

Alumini si madini haba. Katika ganda la dunia tunalolikanyaga, karibu sehemu 8 kwa 100 za uzito wake ni alumini. Hakuna madini mengine ya namna ya chuma au shaba yanayoizidi kwa wingi. Udongo wa mufinyanzi unayo, tofali la nyumba linayo. Lakini haionekani, kwa sababu haikai peke yake. Imeungana na oksijeni, ile gazi tunayoivuta tunapopumua, na muungano wao ni wa nguvu sana.

Tufananishe na shaba. Wazee wetu wa Katanga waliweza kuitoa shaba katika jiwe kwa moto wa makala na muvukuto. Chuma vilevile kilitolewa namna hiyo katika sehemu nyingi za inchi yetu. Lakini alumini haitoki kwa moto wa makala, hata mutu apulize usiku na muchana. Ndiyo maana watu wa zamani hawakuijua. Ni mwaka 1825 tu ambapo mutaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alipata vipande vidogo vya kwanza. Katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1855, vipande vilivyotengenezwa kwa njia ya Mufaransa Henri Sainte-Claire Deville vilitazamwa na watu kama vitu vya thamani kubwa. Na mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza munara wa Washington, waliweka kwenye ncha yake kipande cha alumini kisichofika kilo 3, nacho kilikuwa kitu cha heshima.

Mambo yalibadilika mwaka 1886. Vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall katika Marekani na Paul Héroult katika Ufaransa, walivumbua njia moja katika mwaka mumoja. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili walikufa mwaka 1914. Njia yao ni ya umeme, nayo ndiyo inayotumika hata leo. Kwa ajili yake alumini ilishuka bei, hata ikaingia jikoni kwa kila mutu. Lakini bei ya sokoni ni jambo moja; gharama inayolipwa na ardhi, maji na watu ni jambo lingine. Hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kuihesabu hapa.

2. Udongo mwekundu

Alumini ya viwandani inatoka katika udongo mugumu, wenye rangi nyekundu, unaoitwa boksiti. Jina hili limetoka kwa kijiji cha Les Baux, kusini mwa Ufaransa, ambapo ulitambuliwa mwaka 1821. Lakini boksiti nyingi zaidi iko katika inchi za joto, penye mvua nyingi. Inchi inayoshinda zote kwa akiba yake ni Guinée, ndugu yetu wa Afrika ya Magharibi. Huko Sangarédi, katika jimbo la Boké, boksiti inachimbwa na kupelekwa kwa gari-moshi mpaka bandari ya Kamsar tangu mwaka 1973. Sehemu kubwa sana inatoka Guinée ikiwa bado udongo tu, kisha inasafishwa katika inchi za mbali.

Boksiti haichimbwi kwa mashimo marefu yaingiayo chini kama migodi mingi ya shaba. Inalala karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo mashini zinaondoa kwanza miti, kisha udongo muzuri wa juu ambamo watu walikuwa wakilima, ndipo zinachukua tabaka nyekundu. Basi eneo linalofunuliwa ni pana. Mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya vijiji vya Boké: watu walieleza namna mashamba yalivyochukuliwa kwa malipo madogo, vijito vilivyochafuka, na vumbi jekundu lililoingia nyumbani na katika chakula. Mashamba yale mara nyingi hayakuwa na karatasi. Yalikuwa ya ukoo kwa desturi. Nasi katika Kongo tunajua vizuri mambo yanayomupata mutu mwenye shamba bila karatasi.

Baada ya kuchimbwa, boksiti inasagwa na kupikwa pamoja na soda kali, kwa njia iliyovumbuliwa na Karl Josef Bayer kati ya miaka 1887 na 1888. Soda inayeyusha sehemu yenye alumini na kuacha nyingine. Mwishowe unapatikana unga mweupe unaoitwa alumina. Hesabu yake ni hii: tani 4 mpaka 5 za boksiti zinatoa tani 2 za alumina, na tani 2 za alumina zinatoa tani 1 ya alumini.

Na yale yanayobaki? Yanabaki matope mekundu yenye soda kali. Kwa kila tani ya alumina hubaki tani moja au moja na nusu ya matope hayo, yakihesabiwa makavu. Hayafai kwa kulima, na mpaka leo ni sehemu ndogo tu inayopata kazi nyingine. Basi yanawekwa katika mabwawa makubwa yenye kuta, yakae pale miaka na miaka.

Ukuta wa bwawa kama hilo ukibomoka, mutu anaweza kufa. Jambo hili lilitokea Hungaria, karibu na muji wa Ajka, tarehe 4 Oktoba 2010. Ukuta wa bwawa la kiwanda ulipasuka muchana, na karibu meta kyubi milioni moja za matope mekundu zikateremka juu ya vijiji. Kijiji cha Kolontár kilipigwa kwanza, kisha muji mudogo wa Devecser. Watu 10 walikufa, na zaidi ya mia moja waliumia. Wengi wao waliungua ngozi, kwa sababu soda ile inakula mwili kama moto. Katika muto Marcal viumbe vyote vilikufa. Matope yale yalifuata maji mpaka muto mukubwa wa Danube. Tukumbuke kwamba Hungaria ni inchi ya Ulaya yenye sheria, wakaguzi na maprofesa. Ikiwa ukuta ulibomoka kule, hakuna mahali ambapo watu wanaweza kusema: «Kwetu haiwezekani.»

3. Kiwanda kinachokula umeme

Unga mweupe wa alumina bado si alumini. Oksijeni imo, nayo haitaki kutoka. Alumina peke yake inahitaji moto wa zaidi ya digri 2,000 ili iyeyuke. Uvumbuzi wa Hall na Héroult ni huu: waliyeyusha alumina ndani ya chumvi moja inayoitwa krioliti, na hivyo digri 960 hivi zinatosha. Kisha wanapitisha umeme mwingi sana katika supu ile ya moto. Umeme unatenganisha vile viwili: alumini inashuka chini ya chombo, na oksijeni inakwenda kushikamana na nguzo za kaboni zilizotumbukizwa juu, na kuziunguza polepole.

Hapa ndipo penye gharama kubwa kuliko zote. Ili kupata tani moja ya alumini, kiwanda kinatumia karibu kilowati-saa 14,000. Maana yake, kilo moja inakula kilowati-saa 14. Pengine hesabu hizi hazisemi kitu kwa wengi wetu. Basi tuzigeuze. Fratri anayesoma jioni anatumia taa ndogo ya wati 10. Tuseme anaiwasha saa 4 kila jioni. Umeme uliotoa kilo moja ya alumini, yaani sufuria moja si kubwa, ungewasha taa yake saa 1,400, ndiyo jioni 350: karibu mwaka muzima wa masomo na likizo yake pamoja. Na mukebe mumoja wa soda, wenye uzito wa gramu 14 hivi, ungemupa mwanga wa jioni 5. Mutu anakunywa soda ile kwa dakika 10, kisha anatupa mukebe mutaroni.

Tena kuna moshi. Nguzo za kaboni zinaungua zaidi ya kilo 400 kwa kila tani ya alumini, na kutoa karibu tani moja na nusu ya gazi kaboniki, ile inayoongeza joto la dunia. Zaidi ya hiyo, kazi isipoangaliwa vizuri, chombo kinatoa gazi zenye fluori ambazo kila kilo yake inaongeza joto zaidi ya mara 6,000 kuliko kilo ya gazi kaboniki, nazo zinakaa hewani maelfu ya miaka. Fluori inayotoka viwandani inaweza pia kuanguka juu ya majani. Katika Valais, jimbo la Uswisi, wakulima wa matunda waligombana kwa muda murefu na viwanda vya alumini katika miaka ya 1970, kwa sababu miti yao ya aprikoti ilikuwa ikiharibika. Viwanda vya leo vinanasa sehemu kubwa ya fluori hiyo kabla haijatoka; lakini vilijifunza kwa sababu wakulima hawakunyamaza.

Lakini neno kubwa ni hili: umeme wenyewe unatoka wapi? Ukitoka katika makaa ya mawe, kila tani ya alumini inakuja na tani 15 za gazi kaboniki, au zaidi. Leo zaidi ya nusu ya alumini mupya ya dunia yote inatengenezwa China, na sehemu kubwa ya umeme wake ni wa makaa ya mawe. Ukitoka katika maji ya muto, gazi inapungua sana. Je, maana yake kwamba umeme wa maji hauna gharama? Tutazame inchi moja ya Afrika iliyofuata njia hiyo.

4. Mufano wa muto Volta

Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alitaka inchi yake iwe na viwanda. Ghana ina boksiti, na ina muto mukubwa, Volta. Mupango wake ulikuwa wazi: kujenga baraji, kuchimba boksiti ya inchi, kuisafisha inchini, na kutengeneza alumini kwa umeme wa muto. Makampuni ya Marekani yalikubali kujenga kiwanda cha alumini katika bandari ya Tema, kinachoitwa Valco. Baraji ya Akosombo ilizinduliwa Januari 1966, na Valco ikaanza kazi mwaka 1967.

Maji yalipozuiliwa yalifanya ziwa la kilometa za eneo karibu 8,500, moja ya maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na watu. Chini yake yalibaki mashamba, makaburi na vijiji zaidi ya 700. Watu karibu 80,000 walihamishwa na kuwekwa katika miji mipya 52. Wengi walipewa ardhi isiyotosha kwa kilimo chao. Wengine waliondoka tena. Katika maji yaliyotulia konokono waliongezeka, na pamoja nao ugonjwa wa bilharzia, hasa kwa watoto.

Na alumini je? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Akosombo ilikwenda Valco, kwa bei ya chini sana iliyoandikwa katika mapatano. Na unga wa alumina haukutoka katika udongo wa Ghana, bali uliletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Basi Ghana ilitoa muto wake na watu wake 80,000, lakini kazi ya kusafisha boksiti ilibaki kwa wengine. Ukame wa miaka 1983 na 1984 ulipokuja, maji ya ziwa yakashuka hata kiwanda kikalazimika kusimama kwa muda.

Sisemi kwamba Akosombo haikuleta faida. Miji ya Ghana ilipata umeme, na uvuvi ulikua katika ziwa. Ninasema tu kwamba anayesema «umeme wa maji ni safi» amesema nusu ya kweli. Nusu nyingine waulizwe wale waliohamishwa.

5. Na Inga yetu?

Pengine musomaji atasema: «Haya ni mambo ya Ghana. Yatuhusu nini?» Yatuhusu sana. Tangu miaka ya 1950, Wabeljika walipopanga kazi ya Inga kabla ya Uhuru, kiwanda cha alumini kilikuwa kati ya matumizi waliyoyafikiria. Wazo hilo lilirudi mara nyingi. Inga I ilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Baadaye kampuni ya BHP Billiton ilifikiria kujenga katika Bas-Congo kiwanda cha alumini chenye kuhitaji karibu megawati 2,000. Mwaka 2012 iliacha mupango huo. Nguvu yote iliyojengwa katika Inga I na Inga II pamoja haifiki megawati 1,800. Maana yake, kiwanda kimoja kingehitaji kuliko mabaraji yote mawili, hali katika inchi yetu karibu mutu mumoja tu kati ya watano anapata umeme nyumbani.

Mwingine atajibu: «Lakini maji ya Inga yanapita bure usiku na muchana; yakitumiwa, ni dhambi gani?» Hakuna dhambi kutumia maji. Lakini siku mupango wa namna hii utakaporudi, maana utarudi, kuna maswali ambayo mukristu yeyote anaweza kuyauliza bila kuwa injinia. Nani atahamishwa, na atapewa ardhi gani? Bei ya umeme imeandikwa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Vijiji vilivyo chini ya nyaya vitapata mwanga, au vitatazama nyaya zikipita juu ya manyasi ya nyumba zao? Uchafu utawekwa wapi, na nani atalinda kuta zake baada ya kampuni kuondoka? Wale walio katika tume za Haki na Amani wayaweke maswali haya tayari. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha masikini haviachani. Katika habari ya alumini jambo hilo linaonekana kwa macho.

6. Kuyeyusha mara ya pili

Sasa turudi kwa sufuria iliyotupwa. Tumeona kwamba gharama yote kubwa ya alumini iko katika kuitenganisha na oksijeni. Kazi hiyo inafanywa mara moja tu. Alumini iliyokwisha kutengenezwa inayeyuka kwa digri 660, moto ambao makala na muvukuto vinaufikia bila shida. Ndiyo maana kuyeyusha alumini ya zamani kunatumia karibu sehemu 5 tu kwa 100 za nguvu iliyohitajiwa kwa alumini mupya. Kwa hesabu ya fratri wetu: badala ya jioni 350 za mwanga, sufuria inahitaji 17 au 18. Hakuna kuchimba, hakuna matope mekundu, hakuna kijiji cha kuhamisha.

Tena alumini haichakai kama karatasi inayodhoofika kila inapotengenezwa upya. Ikitunzwa vizuri, inaweza kuyeyushwa mara nyingi. Watu wa kazi hiyo wanasema kwamba karibu robo tatu ya alumini yote iliyotengenezwa tangu mwanzo ingali inatumika. Katika Brazili, zaidi ya mikebe 95 kwa 100 inarudi kiwandani, na wanaoikusanya kwa sehemu kubwa ni masikini wa mijini, baadhi yao wakiwa wameungana katika vyama vya ushirika. Kazi yao inaonekana duni, lakini wanaokoa mito.

Hata hivyo tusidanganyike: kukusanya mitraye hakutoshi kuondoa migodi. Kila mwaka dunia inataka alumini nyingi kuliko ile inayorudi, kwa sababu motokari, madirisha na nyaya vinakaa miaka mingi kabla ya kuyeyushwa. Basi njia ya kwanza ni kutumia kwa muda murefu. Ya pili, kutengeneza kilichovunjika. Ya tatu, kuyeyusha.

7. Hatari za kazi ikifanywa vibaya

Katika miji yetu mafundi wanajua kazi hii. Wananunua mitraye: mikebe, vipande vya mashini, madirisha yaliyovunjika. Wanayeyusha juu ya makala, wanamimina katika umbo la muchanga, na jioni kuna masufuria mapya. Ni ufundi wa heshima, unaolisha jamaa nyingi. Lakini una hatari zake, nasi tunaopika chakula katika masufuria hayo tuzijue.

Ya kwanza na kubwa ni madini ya risasi, yale yanayotiwa katika batri za motokari na katika viungo vya radiatori za zamani. Yakichanganyika na alumini, yanaingia katika sufuria, na kutoka sufuria yanaingia katika chakula. Mwaka 2014 wataalamu walichapa uchunguzi juu ya masufuria yaliyotengenezwa na mafundi wa Kamerun kwa mitraye: waliona kwamba yakipikiwa kitu kichungu, risasi inatoka na kuingia katika chakula kwa kiasi chenye hatari. Risasi inadhuru ubongo wa mutoto, naye anapoteza akili polepole bila homa wala kidonda cha kumuonyesha mama yake. Waganga wanasema hakuna kiasi chake kisicho na madhara.

Ya pili ni moshi wa rangi, mafuta na plastiki zinazoungua pamoja na mitraye. Ya tatu ni maji: mukebe wenye maji ndani, ukitumbukizwa katika alumini iliyoyeyuka, unaweza kulipuka na kumurushia fundi moto usoni. Ya nne ni takataka za juu ya chungu cha kuyeyushia. Zikitupwa penye maji, zinatoa gazi yenye harufu kali inayochoma pua na macho. Na tujue pia kwamba mikebe myembamba ikitupwa moja moja katika moto wazi, sehemu yake inaungua na kurudi kuwa alumina. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaigandamiza kwanza kuwa fungu zito, kisha anaitumbukiza katika alumini iliyokwisha kuyeyuka.

8. Basi tufanye nini?

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Katika parokia, seminari na shule tunaweza kuanza hivi:

Kwanza, tusitupe alumini shimoni. Tuweke pipa moja kavu, lililofunikwa, kwa mikebe, masufuria yaliyotoboka, vifuniko na vijiko. Likijaa, liuzwe, na faranga zake ziwe na kazi inayojulikana na wote.

Pili, sufuria yenye tobo dogo ipelekwe kwanza kwa fundi wa kuziba.

Tatu, tuzungumze na fundi wa mutaa kwa heshima, kama mutu anayejua kazi yake. Tumuombe atenge batri, radiatori na vipande vyenye rangi; afanye kazi penye upepo; asiwaache watoto karibu na moto. Tukimuletea alumini safi, tunamusaidia yeye na wanunuzi wake wote.

Nne, katika masufuria ya kumiminwa ambayo hatujui mitraye yake ilikuwa nini, tusipike kwa muda murefu vitu vichungu, kama nyanya nyingi au ndimu, wala tusilaze chakula humo mpaka asubuhi.

Tano, wakatekista na walimu wawaeleze watoto hesabu ya taa: mukebe mumoja, jioni 5. Mutoto aliyeielewa hesabu hiyo hatapiga mukebe teke mpaka mutaroni.

Wandugu, jioni ile nilimuita fratri, tukaketi na kalamu, tukapiga hesabu ya sufuria ile. Ilikuwa na uzito wa kilo 4. Alipofika jioni 1,400, karibu miaka yake minne ya masomo, alinyamaza kidogo. Kesho yake aliitoa shimoni, akaiosha, akaipeleka kwa fundi. Fundi aliipima, akaongeza vipande vingine alivyokuwa navyo, na baada ya siku chache tukapata masufuria mawili madogo kwa bei ya ufundi tu. Yako jikoni mpaka leo. Yanapikiwa wali.